Nyumba Imetolewa, Karatasi Je?

Mazungumzo yetu leo yanahusu nyumba ambazo wenyewe wameamua kuzitoa kwa manufaa ya wengine, na karatasi zinazofuatana nazo. Katika miji kadhaa ya Marekani na Uingereza, na kwa jaribio moja muhimu hapa hapa Afrika Mashariki, kuna chombo kinachoitwa udhamini wa ardhi ya jamii. Chombo hiki humiliki ardhi kwa niaba ya watu wa mahali na hakiiuzi. Nyumba iliyo juu ya ardhi hiyo humilikishwa mtu wa kipato cha chini kwa mkataba mrefu, mara nyingi wa miaka 99. Akitaka kuhama, anauza nyumba kwa bei iliyowekewa kanuni ndani ya mkataba badala ya bei ya soko, ili anayekuja nyuma yake naye aimudu. Hoja yangu ni kwamba nyumba iliyotolewa kwa udhamini wa namna hii haijamfikia aliyekusudiwa mpaka aweze kusoma mwenyewe, au kusomewa kwa lugha anayoielewa sawasawa, karatasi zinazompa haki ya kuishi humo. Wengi huziona tafsiri, herufi kubwa na nukta nundu kama huduma ya kuongezea pesa zikibaki. Mimi nasema ni sehemu ya utoaji wenyewe, kama ilivyo kukabidhi funguo.

Nianze na sababu. Mtu akinunua nyumba kwa njia ya kawaida, mambo mengi anayajua kabla hajashika kalamu. Anajua kwamba ni yake na wanawe watairithi, na siku akiiuza bei ni mapatano yake na mnunuzi. Hata asiposoma mkataba vizuri, mazoea ya mji yanamlinda kiasi. Kwenye udhamini mazoea hayo hayamsaidii, kwa sababu umiliki umegawanywa sehemu mbili: ardhi iko kwa wadhamini, nyumba iko kwake. Wazo hili lilichukua sura tunayoijua leo mwaka 1969, pale wapigania haki za raia, akiwemo Charles Sherrod, walipoanzisha New Communities karibu na Albany, Georgia, kwenye shamba la zaidi ya ekari 5,700, ili wakulima Weusi wapate ardhi ambayo hakuna bwana wa kuwafukuza. Shamba lile walilipoteza mwaka 1985 kwa ukame na madeni, lakini wazo likahamia mijini. Mwaka 1984 mji wa Burlington, jimbo la Vermont, meya akiwa Bernie Sanders, ulitoa dola 200,000 kuanzisha udhamini wake. Chombo hicho, ambacho leo kinaitwa Champlain Housing Trust, ni miongoni mwa vikubwa zaidi vya aina yake nchini humo. Kanuni ya bei iliyojulikana sana kutoka Burlington inasema hivi: anayeuza anarudishiwa alichotanguliza na alichokwisha kulipa kwenye mkopo, pamoja na robo ya ongezeko la thamani.

Tuifuatilie kanuni hiyo kwa mfano wa tarakimu, maana hapa ndipo watu huumia. Tuseme mthamini anasema nyumba ina thamani ya dola 300,000. Udhamini umefidia 100,000, familia inanunua kwa 200,000. Baada ya miaka kumi thamani imefika 360,000. Ongezeko ni 60,000 na robo yake ni 15,000. Kwa hiyo, tukiacha maboresho yaliyoidhinishwa, familia ikiondoka nyumba itamwendea mwingine kwa takriban 215,000. Aliyeelewa hesabu hii siku ya kwanza ataiona ya haki: aliingia kwa bei nafuu, amejiwekea akiba, na anaondoka huku akimwachia mwenzake mlango uleule. Asiyeielewa atasikia mtaani kwamba nyumba ya jirani imeuzwa 360,000, kisha ataamini mpaka kufa kwamba amedhulumiwa. Nyumba ni moja na kanuni ni moja. Kinachotofautisha shukrani na kinyongo ni kuelewa kifungu kimoja cha mkataba.

Sasa tuangalie upande wa anayetoa. Kuna njia kadhaa. Mwenye nyumba anaweza kuitoa yote akiwa hai. Anaweza kuiacha kwa wosia. Anaweza kuiuza kwa bei ya chini kuliko thamani yake, tofauti ikawa ndiyo sadaka. Au, na hii huwapendeza wazee, anaihamisha kwa udhamini leo huku akibaki na haki ya kukaa humo hadi siku ya kufa kwake. Udhamini makini haupokei kila kinacholetwa. Kwanza unachunguza kama kuna rehani au deni la kodi lililoshikilia nyumba, na kama warithi wana mgogoro. Unapanda darini kuangalia paa na unakagua mfumo wa majitaka. Nyumba ikiwa imejengwa kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi zenye madini ya risasi kwenye makazi, suala la sumu hiyo linapaswa kuangaliwa pia. Nyumba ya bure yenye paa bovu inaweza kuugharimu udhamini kuliko kiwanja kitupu, na kukataa kwa adabu ni sehemu ya uaminifu kwa wale watakaohamia.

Kisha zinakuja karatasi. Kule Marekani, mtoaji akitaka punguzo la kodi ya mapato, na mali ikiwa inazidi dola 5,000, lazima apate mthamini anayekidhi masharti ya mamlaka ya kodi, ajaze fomu namba 8283, na udhamini uitie saini. Udhamini ukiiuza mali hiyo ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida unatakiwa kuiarifu mamlaka kwa fomu namba 8282. Sioni ubaya wowote katika taratibu hizi, zinazuia udanganyifu. Lakini tazama zinamlinda nani. Zinamlinda mtoaji, zinailinda hazina ya serikali, zinaulinda udhamini wenyewe. Kila mmoja wa hao ana mtu wa kumsomea: mtoaji ana mhasibu wake, serikali ina wakaguzi, udhamini una wakili. Anayebaki ni yule ambaye nyumba ilitolewa kwa ajili yake. Hata rangi ya ukuta imefikiriwa kuliko yeye, kwa sababu sheria inamtaka muuzaji wa nyumba ya kabla ya 1978 ampe mnunuzi kijitabu kinachoeleza hatari ya risasi, na serikali imekitoa kijitabu hicho kwa lugha mbalimbali, si kwa Kiingereza tu. Ikiwa madhara ya rangi yanaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi, hakuna sababu ya maana ya kushindwa kueleza mkataba utakaoiongoza familia kwa karne nzima.

Kwa haki, waasisi wa udhamini wa ardhi waliliona tatizo mapema. Katika kielelezo cha mkataba ambacho vyombo vingi vya udhamini vya Marekani hukifuata kuna barua mbili za nyongeza. Katika moja mnunuzi anaandika kwamba ameyaelewa masharti, na katika nyingine wakili wake anathibitisha kwamba amemweleza. Ni hatua ya busara. Hata hivyo barua inaweza kutiwa saini bila uelewa kuwepo, hasa pale wakili anapoeleza kwa Kiingereza na mnunuzi anaitikia kwa heshima tu. Burlington na jirani yake Winooski ni miji iliyopokea wakimbizi kutoka Congo, Burundi na Somalia. Kiswahili kinasikika huko, na miongoni mwa Wabantu wa Somalia wapo ambao bado wanazungumza Kizigua, lugha ambayo mababu zao walitoka nayo Tanga na pande zake. Ndiyo maana suala hili si la mbali na sisi. Anayesomewa mkataba wa miaka 99 kule Vermont anaweza kuwa shemeji wa mtu anayenisikiliza sasa hivi kule Kigoma au Uvira.

Na sisi wa pwani tuna historia ndefu zaidi ya kutoa nyumba namna hii kuliko Vermont. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni wakfu. Mwenye mali, yaani waakifu, aliitoa nyumba kwa ajili ya msikiti, maskini au kizazi chake, akaandika masharti, na tangu hapo nyumba haiuzwi wala hairithiwi kama mali ya kawaida. Anasimamia mutawalli, au siku hizi kamisheni ya serikali. Kwa kiini chake ni jambo lile lile: mali imeondolewa sokoni, manufaa yanaendelea. Sasa hati za wakfu wa zamani ziliandikwa kwa Kiarabu, kwa mtindo wa makadhi, na utawala wa kikoloni ulipoingilia kati ukaongeza madaftari ya Kiingereza. Wakazi wengi wa nyumba hizo wanasema Kiswahili. Mpangaji aliyezaliwa kwenye nyumba ya wakfu anaweza kujua kwamba ni ya wakfu bila kujua sharti gani aliweka waakifu, nani anastahili kukaa, na kodi ndogo anayolipa inatakiwa kutengeneza nini. Hapo msimamizi mwema atasimamia vizuri na msimamizi mbaya hatagundulika, kwa kuwa waliopaswa kumhoji hawawezi kusoma anachodai kukitekeleza. Nia ya waakifu ilikuwa njema na hati ilikuwa halali. Kilichokosekana ni njia ya kumfikishia mkazi maneno yaliyomo.

Jaribio la karibu zaidi na udhamini wa kisasa lilifanyika Voi, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika makazi ya Tanzania-Bondeni. Watu walikuwa wamejenga kwenye ardhi wasiyokuwa na hati yake, na mradi wa miji midogo uliosaidiwa na shirika la Ujerumani la GTZ ukawaeleza njia mbalimbali za kumilikishwa. Wakazi wakachagua udhamini wa ardhi, kwa sababu ambayo mpaka leo naona ilikuwa ya watu wenye upeo: waliogopa kwamba kila mmoja akipewa hati yake, wenye fedha watakuja kununua kiwanja kimoja kimoja, na maskini watahamia kujenga kitongoji kingine kama kile kile. Shida ikawa kwamba sheria za Kenya hazikuwa na chombo cha aina hiyo, kwa hiyo wataalamu wakaunganisha viwili: jumuiya ya wakazi iliyosajiliwa kama chama, na bodi ya wadhamini ya kushika ardhi. Kila chombo kikawa na katiba yake, taratibu zake na mikataba yake. Ellen Bassett, mtafiti wa mipango miji aliyelifuatilia jaribio hilo na kuandika juu yake, alionyesha jinsi ugumu wa muundo huo na ucheleweshaji wa hati ulivyoudhoofisha mpango. Wako wanaosema Voi inathibitisha kwamba Mwafrika anataka hati yake binafsi mkononi na hana haja na udhamini. Mimi siamini hivyo. Wakazi walipoelezwa wazo kwa mdomo, kwa lugha yao, kwenye mikutano, walilielewa na wakalichagua. Lilipogeuka kuwa mafungu ya nyaraka za kisheria, likawaponyoka.

Kwa hiyo kufikika kwa hati maana yake nini hasa? Watu wakisikia neno hili hufikiria tafsiri peke yake, na tafsiri ni robo tu ya kazi. Chukua mama asiyeona ambaye anatumia simu inayosoma maandishi kwa sauti. Ofisi inamtumia mkataba kwenye barua pepe, faili ya PDF. Lakini karatasi ilipigwa picha kwenye mashine, kwa hiyo kwa simu yake ile si maandishi bali ni picha, na simu inanyamaza au inamtajia namba ya ukurasa basi. Ofisi itaapa kwamba hati imetumwa, na kweli imetumwa. Tiba yake ni ndogo mno: kutuma faili lile lile lililochapwa kabla halijatiwa saini, lenye vichwa vya habari vilivyopangwa vizuri ili aruke moja kwa moja hadi kifungu cha kuuza au cha kurithi. Chukua kiziwi anayetumia lugha ya alama: kwake Kiingereza cha maandishi ni lugha ya pili, na hati peke yake haimtoshi bila mkalimani. Chukua mzee anayesoma Kiswahili vizuri lakini macho yamechoka: anahitaji herufi kubwa na wiki mbili za kusoma, badala ya dakika ishirini mezani huku karani anasubiri. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, imezitaja lugha ya alama na nukta nundu kuwa mambo ambayo dola inapaswa kuyaendeleza, kwa hiyo kwa Kenya angalau hili si ombi la hisani.

Lipo jambo moja ninalolichukia waziwazi, nalo ni kumtumia mtoto kama mkalimani. Katika familia za wahamiaji mtoto wa darasa la saba ndiye anayejua Kiingereza, basi anaitwa kuwatafsiria baba na mama mkataba wa nyumba. Mtoto hajui rehani ni nini kwa lugha yoyote. Atakachokiruka kwa aibu hakuna atakayekijua, na mambo yakiharibika baadaye atabeba lawama nyumbani kwake kwa jambo lililokuwa wajibu wa ofisi. Udhamini unaoipenda jamii yake usikubali kikao cha namna hiyo kuendelea, hata wazazi wenyewe wakisema hakuna neno.

Wanasheria watanipinga, na hoja yao nzito kuliko zote ni hii: mkataba ukiwa na matoleo mawili, siku ya ugomvi mahakama itafuata lipi? Ni swali la haki. Jibu la kawaida ni kuandika kifungu kinachosema toleo lipi litatawala, na pale sheria inapodai Kiingereza kitawale, basi kitawale. Ila udhamini usijifiche nyuma ya kifungu hicho. Katika sheria za asili ya Kiingereza kuna kanuni ya zamani kwamba maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Roho ya kanuni hiyo ndiyo ninayoitaka hapa: udhamini uahidi kwa maandishi kwamba hautamshtaki mkazi kwa kuvunja sharti ambalo toleo lililotafsiriwa na udhamini wenyewe lilimweleza vingine. Ahadi kama hiyo itawafanya wakague tafsiri zao kwa makini kuliko sheria yoyote. Na wale wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya sheria wakumbuke kwamba mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Kazi ya kutafsiri sheria ni kubwa na bado ni ndefu, lakini hakuna tena wa kusema haiwezekani.

Pingamizi la pili ni gharama, na hapa hesabu iko upande wangu. Mikataba ya udhamini mmoja inafanana karibu yote, kinachobadilika ni majina, anwani na bei. Kutafsiri kielelezo mara moja kunahudumia nyumba ya kwanza na ya mia. Aidha, mtoaji anayehamisha nyumba nzima mara nyingi huombwa aongeze kiasi cha fedha cha matengenezo, na sioni kwa nini fungu dogo lisitajwe wazi kwenye hati ya utoaji kuwa la kueleza na kutafsiri. Nina hakika watoaji wengi wangelikubali, kwa kuwa mtu aliyeachia nyumba yake hataki kusikia kwamba aliyeipata aliingia asijue anaingia wapi. Kusubiri serikali ilazimishe ni kubahatisha: agizo la Rais Clinton la mwaka 2000, lililotaka huduma zinazogharamiwa na serikali kuu ya Marekani ziwafikie wasiojua Kiingereza vizuri, lilifutwa Machi 2025 kwa agizo lingine lililokitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi. Sheria ya haki za raia ya 1964 bado ipo, lakini aliyetegemea agizo peke yake ameona lilivyo jepesi.

Lipo pia pingamizi la siri za mtoaji, nalo nalijibu kwa ufupi. Hakuna anayedai wosia wa mtu au hesabu zake za kodi zibandikwe ukutani. Kinachotakiwa kufikika ni masharti yanayomgusa mkazi na jirani: nyumba ilitolewa kwa kazi gani, nani anastahili, bei inapangwaje, ardhi inaweza kuwekwa rehani au la. Hayo hayana siri ya mtu ndani yake.

Nimalizie na bodi, maana ndiko uzito wote unakoishia. Udhamini wa mtindo wa asili unaongozwa na bodi yenye mafungu matatu: theluthi ni wakazi wa nyumba zake, theluthi ni majirani wa eneo, theluthi ni watu wanaotazama maslahi ya umma. Ndiyo inayoamua nyumba ipi ipokelewe na ipi ikataliwe, na ndiyo inayoweza kupendekeza kanuni ya bei ibadilishwe. Mkazi aliyechaguliwa humo akikuta rundo la karatasi za Kiingereza mezani jioni ya kikao, atafuata mikono ya wengine inakoelekea, na theluthi yake itakuwa jina tu. Akiletewa karatasi hizo wiki moja kabla, kwa Kiswahili au Kisomali au kwa sauti, atazisoma akiwa na mkewe, ataweka alama kwenye kifungu cha bei, na kikao kikianza atainua mkono kuuliza kwa nini ni robo ya ongezeko na si theluthi.